Boy, Boi, Boyi: Historia ya Neno Moja la Kiingereza na Maana Zake

1. Utangulizi

Neno la Kiingereza «boy» ni miongoni mwa maneno ya kwanza anayofundishwa mwanafunzi wa lugha hiyo. Kitabu cha darasa la mwanzo humwonyesha mtoto wa kiume akicheza mpira, na chini ya picha huandikwa neno hilo. Lakini msomaji wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi anayelikuta neno hilohilo katika masimulizi ya wazee hakutani na mtoto. Hukutana na mtu mzima, pengine mwenye mke na watoto, aliyekuwa akipika, akifua na kupiga pasi katika nyumba ya Mzungu. Neno ni moja, ila watu wanaotajwa nalo hawafanani hata kidogo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi tofauti hiyo ilivyotokea. Hoja yake ni kwamba maana hizo mbili, yaani mtumishi na mtoto, zimeishi pamoja ndani ya neno hili tangu kale, na kwamba utata huo ulitumiwa mahali pengi duniani kumnyima mtu mzima heshima ya utu uzima wake. Kiswahili cha Katanga kilipolipokea neno hilo kilichukua maana moja tu kati ya hizo mbili, kikaifanya kuwa jina la kazi. Uteuzi huo unastahili kuchunguzwa na kila anayejishughulisha na historia ya lugha nchini Kongo.

2. Mtumishi kabla ya mtoto

Mtu angedhani kuwa maana ya mtoto ndiyo ya asili, na kwamba maana ya mtumishi ilizaliwa baadaye katika makoloni. Ushahidi wa maandishi ya Kiingereza cha Kati unaonyesha kinyume chake. Katika matumizi ya karne ya 13 na mwanzo wa karne ya 14, «boy» lilimtaja mtumishi wa kiume, mtu wa hali ya chini, na mara nyingine ayari asiye na adabu. Maana ya mtoto wa kiume ilienea baadaye, hata ikawa ndiyo maana kuu.

Wakati huohuo neno jingine lilikuwa likielekea upande wa pili. «Knave», ambalo katika Kiingereza cha kale lilikuwa jina la mtoto wa kiume, liliteremka daraja kwa daraja: likawa jina la mtumishi, kisha likawa jina la laghai. Ndugu yake wa Kijerumani, «Knabe», amebaki na maana ya mtoto wa kiume. Hivyo maneno hayo mawili ya Kiingereza yalipishana njiani, moja likipanda na jingine likishuka.

Juu ya chimbuko lenyewe la «boy» wataalamu hawajakubaliana. Wapo wanaolihusisha na lugha jirani kama Kifrisia na Kiholanzi. Wapo pia wanaolitafuta katika neno la Kilatini «boia», yaani kongwa la shingoni, wakidhani kuwa lilipitia Kifaransa cha kale. Nadharia hii ya pili haijathibitishwa, na si halali kujenga juu yake hoja yoyote ya historia, hata kama inavutia kwa mtu anayejua mambo yaliyofuata.

Inafaa kuongeza kwamba Kiingereza hakiko peke yake katika jambo hili. Kigiriki cha kale kilitumia «pais» kwa mtoto na kwa mtumwa pia. Kilatini kilifanya vivyo hivyo kwa «puer», na Kiarabu kwa «ghulamu». Wafaransa waliokaa mkahawani walimwita mhudumu «garçon», hata kama alikuwa na mvi. Hata katika Kiswahili cha leo mkuu wa kazi husikika akiwaita wasaidizi wake «vijana wangu», ilhali baadhi yao wamemzidi umri. Palipo na bwana na mtumishi, lugha huelekea kumhesabu bwana kuwa mkubwa na mtumishi kuwa mdogo, bila kuuliza umri wa yeyote kati yao.

3. Upana wa matumizi katika Kiingereza chenyewe

Baada ya maana ya mtoto kuimarika, neno lilitanuka sana. Baba hulitumia kwa mwanawe kwa upendo. Askari walio vitani huitwa hivyo na watu wa nyumbani wanaowaombea warudi salama. Waliosoma pamoja katika shule ya wavulana huitana hivyo hadi uzeeni. Robert Baden-Powell alipotoa kitabu chake cha skauti mwaka 1908, neno liliingia katika jina la chama kilichoenea ulimwenguni kote. Zaidi ya hayo, Waingereza na hasa Wamarekani hulitamka kama kihisishi cha mshangao au furaha, bila kumtaja mtu yeyote.

Kuna neno moja linaloonekana kuwa la ukoo huu nalo silo. «Boycott», ambalo kwa Kiswahili hutafsiriwa kwa kitenzi kususia, linatokana na jina la Charles Boycott, msimamizi wa mashamba ambaye wakulima wa Ireland walikataa kumfanyia kazi na kushirikiana naye mwaka 1880. Kufanana kwa sauti kusimpotoshe mwanafunzi.

Katika matumizi haya yote, kipimo cha heshima au dharau kiko katika uhusiano wa wasemaji. Wenzi wa rika moja wakiitana hivyo, neno ni la udugu. Mkubwa akimwita mdogo, ni la malezi. Lakini likielekezwa kwa mtu mzima na mtu asiye baba yake wala rafiki yake, linakuwa tusi. William Shakespeare alilijua hilo vizuri. Katika tamthilia yake Coriolanus, jemadari aliyezoea vita anaitwa msaliti na adui yake, kisha anaitwa kwa neno hili. Ni neno hili hasa linalomchoma. Analirudia kwa hasira, anajisifia mbele ya adui zake ushindi alioupata dhidi yao, na muda mfupi baadaye anauawa. Tamthilia hiyo ni ya mwanzo wa karne ya 17, kabla Uingereza haijawa na koloni lolote barani Afrika.

4. Katika bandari za Asia

Wafanyabiashara wa Kiingereza walilichukua neno hadi India na Uchina, na huko maana ya mtumishi ikapata nguvu upya. Mwaka 1886 Henry Yule na A. C. Burnell walichapisha kamusi yao ya maneno ya Kiingereza cha India, ijulikanayo kwa jina la Hobson-Jobson. Humo walilipa «boy» maana mbili, yaani mtumishi na mchukuzi wa machela. Maana ya pili waliihusisha na jina la tabaka la wachukuzi wa kusini mwa India, ambalo kwa Kitelugu ni «boyi», na ambalo Wareno walikuwa wamelitumia kabla ya Waingereza.

Inaonekana basi kwamba maneno mawili yenye asili tofauti yalikutana katika bandari zile, yakatiana nguvu. Kufanana kwa «boyi» ya Kitelugu na «boyi» ya Katanga ni sadfa tu, kwani umbo la Katanga lina maelezo yake, kama itakavyoonekana. La kukumbuka ni kwamba kutoka Asia neno lilipata sura ya istilahi ya kikoloni, isiyohitaji tafsiri. Wafaransa walilipokea katika lugha yao kwa maana ya mtumishi mwenyeji wa koloni, wakalitumia Indochina na Afrika vilevile. Ndiyo maana Mbelgiji msemaji wa Kifaransa alifika Kongo akiwa nalo mdomoni, na huenda hakujua neno lolote jingine la Kiingereza.

5. Marekani: neno mbele ya mahakama

Matumizi ya Marekani yanafundisha zaidi kuliko ya mahali pengine, kwa kuwa huko wenye kuitwa walilijibu neno hadharani. Wakati wa utumwa, mtumwa wa kiume aliitwa hivyo katika umri wowote. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865, lakini desturi ilibaki. Katika majimbo ya kusini, Mzungu alikwepa kumpa mtu mweusi jina la heshima. Alimwita kwa jina la kwanza au kwa neno hili, na umri ulipozidi sana alimwita mjomba. Hapakuwa na hatua ya katikati, kwani mtu mweusi alipita kutoka utoto hadi uzee bila kukubaliwa kuwa mwanamume kamili.

Mwezi wa pili mwaka 1968, wazoa taka wa mji wa Memphis waligoma baada ya wenzao wawili kusagwa na mashine ya gari la taka. Wagomaji wapatao 1,300 walidai mshahara, usalama na chama chao. Mabango waliyobeba mabarabarani hayakutaja fedha. Yalikuwa na maneno manne tu ya Kiingereza, ambayo maana yake ni kwamba mwenye kulibeba ni mwanamume, mtu mzima. Asiyejua historia ya «boy» huona kauli hiyo kuwa ya kawaida mno. Anayeijua hutambua kwamba ni jibu kwa neno walilolisikia kila siku kazini. Martin Luther King aliuawa katika mji huo tarehe 4 Aprili 1968, alipokuwa amekwenda kuwaunga mkono.

Karibu miaka 40 baadaye neno lilifika katika Mahakama Kuu ya Marekani. Wafanyakazi wawili weusi wa kiwanda cha kuku huko Alabama, walionyimwa vyeo, walidai kuwa meneja aliwataja kwa neno hili. Mahakama ya rufaa iliona kuwa neno likisimama peke yake, bila kutaja rangi, haliwezi kuwa ushahidi wa ubaguzi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikataa kanuni hiyo. Ilieleza kuwa maana ya msemaji huweza kutegemea muktadha, namna ya kutamka, toni ya sauti, desturi ya mahali na matumizi ya kihistoria. Mwanaisimu atatambua katika uamuzi huo kanuni ambazo taaluma yake huziita za pragmatiki. Ni nadra mahakama kutoa somo la lugha lenye manufaa kiasi hicho.

6. Njia mbili za kuingia Katanga

Neno liliingia Kongo kwa njia mbili. Ya kwanza ilitoka pwani ya magharibi, tangu enzi ya Dola Huru ya Kongo (1885-1908). Joseph Conrad, aliyesafiri katika mto Kongo mwaka 1890, alilitumia katika riwaya yake Heart of Darkness. Humo mtumishi wa meneja anatajwa kwa neno hili, likiwa ndani ya alama za kunukuu, kana kwamba mwandishi mwenyewe aliona kuwa halikuwa na maana yake ya kawaida.

Njia ya pili ilitoka kusini, pamoja na reli. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli ikafika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa. Miaka ya mwanzo wasimamizi wengi wa migodi na reli walikuwa wasemaji wa Kiingereza, na kampuni ya Robert Williams ilileta wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Katika migodi ya kusini wanaume wote weusi waliitwa «boys», na msimamizi wao Mwafrika aliitwa «boss-boy», neno linalompa mtu ukubwa na udogo kwa mkupuo mmoja. Uvutano huu wa Kiingereza uliwatia Wabelgiji hofu. Johannes Fabian ameonyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, kwamba hofu hiyo ilichangia kukipa Kiswahili nafasi yake katika Katanga.

Kiingereza kiliondoka, neno likabaki. Kifaransa cha koloni kikalizalia watoto, kwani mfuaji aliitwa «boy-lavadère», mtumishi wa kike «boyesse», na vyumba vya watumishi nyuma ya nyumba «boyerie». Neno hili la mwisho bado linatumika katika miji ya Kongo kwa nyumba ndogo iliyo nyuma ya lupango, hata kama aliyepanga humo ni mwalimu au mwanafunzi.

Hali ya mtumishi huyo ilikuwa ya kupingana yenyewe kwa yenyewe. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kutembea katika mji wa Wazungu bila kibali, lakini boyi wa boyerie alilala humo. Alifanya kazi ambazo kijijini zilihesabiwa kuwa za wanawake, na aliitwa kwa neno la mtoto. Papo hapo alikabidhiwa watoto wa bwana wake, chakula chake na siri za nyumba yake.

7. Neno lilivyobadilika katika Kiswahili

Kwa upande wa sauti, Kiswahili cha Katanga kililipa neno irabu ya mwisho, likawa «boyi», na kwa wingi likapokea kiambishi cha watu, ba-. Kiswahili sanifu kina «boi», wingi wake «maboi». Badiliko kubwa zaidi ni la maana. Kwa mtoto wa kiume Kiswahili kilikuwa na maneno yake tayari: mtoto, mwana, kijana, mvulana. Hakikuwa na haja ya kukopa jingine. Kilichokopwa ni jina la kazi mpya iliyoletwa na mji mpya, kama vile kilivyokopa majina ya vyombo na mashine. Kwa hiyo mzazi hamwiti mwanawe boyi kwa upendo, na asemaye kuwa babu yake alikuwa boyi hasemi kwamba babu yake alikuwa mtoto. Utata uliomwumiza Mmarekani mweusi haukuvuka mpaka wa lugha. Bwana alitamka neno lenye maana mbili; mtumishi alisikia na kutamka neno lenye maana moja.

Ushahidi bora wa jambo hili ni maandishi ya mwaka 1965 yaliyotungwa na André Yav kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani, yenye kichwa cha Kifaransa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Yaliandikwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi kama kinavyosemwa, kwa tahajia isiyofuata kanuni za shule. Fabian aliyachapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na ufafanuzi. Licha ya jina lake, kazi hiyo si orodha ya maneno. Ni historia ya mji na ya mahusiano ya Waafrika na Wazungu, inayosimuliwa na watu ambao wakoloni waliwahesabu kuwa hawana historia. Jambo la maana kwa makala haya ni kwamba watunzi hawakulificha neno boyi wala kulionea haya. Walilitumia kama jina la kundi lao, kundi lililokuwa karibu na mabwana kuliko Waafrika wengine wote, na kwa sababu hiyo lililoona mengi.

Tofauti ya maana huonekana pia katika tafsiri. Ferdinand Oyono wa Kameruni alipotoa mwaka 1956 riwaya yake Une vie de boy, kichwa cha Kifaransa kilikuwa na neno la Kiingereza. Neno hilo peke yake lingeweza kumfanya msomaji wa Kiingereza adhani ni habari za utoto; tafsiri ya Kiingereza inajulikana zaidi kwa jina la Houseboy. Tafsiri ya Kiswahili iliitwa Boi, bila shida yoyote. Neno la Kiingereza lilieleweka katika Kifaransa na katika Kiswahili, likahitaji msaada katika lugha yake yenyewe.

Katika miaka hiyohiyo ya 1950, vijana wa Léopoldville, ndiyo Kinshasa, waliojiita Bills kwa kuiga sinema za Buffalo Bill, walikutana na neno hili katika sura nyingine. «Cowboy» mwanzoni alikuwa mtoto mchunga ng'ombe. Sinema za Marekani zilimfanya kielelezo cha mwanamume asiyeogopa mtu. Ch. Didier Gondola, katika utafiti wake wa mwaka 2016, ameonyesha kwamba vijana hao walikuwa wakitafuta njia ya kuwa wanaume katika koloni lililowanyima uanaume. Mji mmoja ulikuwa na boy jikoni na cowboy barabarani, na pengine wote wawili walitoka katika familia moja.

8. Baada ya uhuru

Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 ulibadilisha mabwana wa nyumba nyingi bila kubadilisha jina la mtumishi. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilifuta «Monsieur» na «Madame», ikaamuru watu waitane «Citoyen» na «Citoyenne». Amri ilifika ofisini na redioni, lakini haikufika jikoni. Familia za Wakongo wenye uwezo ziliendelea kuwa na boyi wao, na mtumishi aliendelea kusikia neno la zamani kutoka kwa mtu wa nchi yake. Hapa hapawezi kusemwa tena kwamba neno ni la mgeni.

Mwezi Juni 2011, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha huko Geneva Mkataba namba 189, unaowatambua wenye kazi hii kuwa wafanyakazi wa nyumbani, wenye haki ya mapumziko, mshahara na mapatano ya kazi kama wengine. Istilahi hiyo ya Kiswahili, mfanyakazi wa nyumbani, ni ndefu kuliko boyi, na huenda ndiyo sababu haijazoeleka katika mazungumzo. Urefu wake hata hivyo una faida, kwa kuwa unataja kazi na mahali pa kazi, ukiacha nje umri na daraja la mtu.

9. Hitimisho

Historia hii inatoa mafunzo mawili. La kwanza ni la watunga kamusi na wafasiri. Kuandika kwamba «boy» ni mvulana ni kusema kweli kwa darasa la mwanzo, lakini ni kumpotosha msomaji wa historia ya Katanga, ya Memphis au ya Bombay. Kamusi ya Kiswahili cha Kongo inapaswa kuliingiza boyi kama neno la Kiswahili lenye maana yake, tarehe zake na nyaraka zake, badala ya kulitenga kama neno la kigeni.

La pili ni la wanahistoria. Watumishi wa Elisabethville hawakungoja neno lisafishwe ndipo wasimulie habari zao. Walisimulia wakiwa ndani ya neno hilohilo. Wasimuliaji wa kizazi chao wengi wamekwisha kufariki, na maandishi kama yale ya mwaka 1965 ni machache sana. Mtafiti atakayekusanya masimulizi kwa wana na wajukuu wao afahamu kwamba kulibadilisha neno boyi kwa neno la adabu zaidi wakati wa kunukuu ni kufuta sehemu ya ushahidi. Adabu ya leo na iwekwe katika namna ya kuwaita wanaofanya kazi hiyo leo. Maneno ya wazee na yaachwe kama walivyoyatamka.